Sura ya Saba: Mama Japani Alisemea Wapi?

Pikipiki zilikuwa zimeziba barabara yote mbele ya lango la polisi, na Inspekta Bertille alilazimika kupita kwa ubavu, sketi yake ya kazi ikinasa kwenye pedali za watu. Hakuna aliyesogeza chombo chake. Ma-motard wa Kalemie, hao waendesha pikipiki wa abiria, wakikasirika kweli hawapigi kelele. Wanazima injini, wanakaa juu ya viti vyao, wanakutazama. Ukiona hivyo, ujue kuna jambo.

Mbele yao alisimama Zacharie, prezida wa chama chao, mwanaume mfupi mwenye mabega mapana. Kati ya miguu yake palikuwa na bidoni ya esansi, dumu zima la petroli.

"Jambo, Mama Inspekta."

"Jambo, Papa Zacharie. Hiyo esansi ni ya pikipiki?"

"Inategemea ninyi." Hakutabasamu. "Doudou hajaamuka. Toka juzi, siku ya Posho, amelala pale hospitali, macho yamefungwa, mama yake anamuita, haitiki. Na muntu aliyemugonga munaye hapa, anakula mukate. Saa munamutoa kumupeleka Parke, kwa mwendesha mashtaka, sisi tuko hapa hapa. Gari na mwenye gari."

"Na akiwa siye?"

"Komanda alishasema njo yeye. Wewe uko juu ya Komanda?"

Bertille hakuwa juu ya Komanda, na wote wawili walijua. Aliingia ndani.

Komanda Gérard alikuwa mtu wa hesabu fupi. Alipenda kesi ianze asubuhi na iishe kabla ya chakula, na akishapata jibu alilipenda jibu lake kama mtoto wake wa kwanza. Juu ya meza aliweka kisanduku cheusi, kikubwa kama kipande cha sabuni, chenye waya na kioo kidogo mbele.

"Njo hiki," alisema. "Kilikuwa kimebandikwa ndani ya Hiace ya yule Isidore, kwenye kioo cha mbele. Kinasikia rada ya polisi. Polisi akiwa mbali, chenyewe kinapiga kengele na kumuambia dereva: punguza, jifiche. Muntu mwenye roho safi anatafuta nini na kitu kama hiki?"

"Doudou aligongwa na Hiace nyeupe, Komanda. Hiace nyeupe ziko nyingi hapa."

"Ngoja. Hesabu ni hii." Alinyanyua kidole. "Siku ya Posho rada yetu ilikuwa mahali pamoja tu: ng'ambo ya daraja la Lukuga, barabara ya uwanja wa ndege. Doudou aligongwa pale pale. Isidore anasema saa ile alikuwa huku mjini, anapeleka kwaya ya mamama kwenye harusi, Hoteli Nyota ya Ziwa. Sawa. Nikaita mamama. Nikawauliza: mulipokuwa ndani ya gari, kisanduku kilisema? Wakasema ndiyo, kilisema! Kwa midomo yao! Kinasema penye rada. Rada ilikuwa ng'ambo. Basi gari ilikuwa ng'ambo. Harusi ni hadithi."

"Mamama wote hao wanadanganya?"

"Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kiongozi wao ni shangazi yake." Akasukuma karatasi pembeni. "Kisha chakula cha saa sita namupeleka Parke. Kumugonga muntu na kukimbia, na juu yake kupeleleza polisi kwa mutambo. Mungu akitaka hatatoka leo wala kesho."

Hesabu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi Bertille. Aliomba kisanduku na ruhusa ya kukichukua mpaka saa sita. Komanda alimpa kwa uso wa mtu anayempa mtoto kijiko achezee.

*

Isidore Kilunga alikuwa amekaa chini ndani ya kasho, chumba cha mahabusu, mgongo ukutani. Mkate ulikuwa pembeni yake mzima, hakuugusa. Kelele chache za nje zilimfikia kupitia kidirisha cha juu, na kila pikipiki ikikohoa aligeuza kichwa.

"Wako wengi?" aliuliza.

"Wengi. Papa Isidore, hiki kitu ulikinunua wapi?"

"Sikukinunua, Mama. Kilikuja na gari. Gari ilitoka Japani, ikashukia Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, mimi nikaipokea hapa bandarini. Kilikuwa kimebandikwa vile vile. Ukiwasha gari kuna mama anasalimia kwa luga ya kwao. Sauti nzuri! Abiria wakamupenda. Wakamuita Mama Japani. Mamama wa kwaya wakazoea, Mama Japani akisema, wao wanajibu: Amina. Sasa mimi nitoe kitu kinachofurahisha watu?"

"Haukujua ni kitu cha polisi?"

"Nilizania ni baraka ya gari. Kuna watu wanaweka rozari, Wajapani wanaweka mama." Alisema bila mzaha hata kidogo. "Toka mulete ile rada, nikaona tukipita kwa Fidèle wa roulage, yule polisi wa barabara, Mama Japani anapiga kengele. Nikasema, eh, anamusalimia na polisi."

Bertille alikuwa amewahoji wezi, waongo na wapiga mapanga kwenye chumba hiki. Alijiuma mdomo asicheke.

"Siku ya Posho ulivuka daraja?"

"Sikuvuka. Nilitoka na mamama parokiani, nikaenda moja kwa moja hoteli. Wakanifungulia lango kwa sababu ya ngoma zao, nikafika mpaka mulangoni. Mara ya kwanza gari yangu kuingia mule. Halafu tukasikia pikipiki zinapita barabarani na mahoni, zinalia sana. Tukazania ni watu wa harusi. Kumbe walikuwa wanamupeleka yule kijana hospitali." Akatazama kidirisha. "Mama Inspekta, mimi naogopa. Nakuambia wazi. Wale watanichoma."

"Hawatakuchoma."

Alisema hivyo kwa sababu lazima aseme kitu. Alipofunga mlango alijichukia kidogo, maana ahadi hiyo ilikuwa bado haina miguu.

*

Kuuliza si ujinga, na fizikia Bertille hakuijua. Aliyeijua alikuwa Ma Sœur Cécile, mtawa mwembamba anayefundisha wasichana wa sekondari, ambaye hata akikupa pole anakupa kama zoezi la darasani. Alimkuta anasahihisha mitihani uwanjani. Ma Sœur aligeuza kisanduku mara mbili, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akafurahi kama ameletewa mgeni.

"Bertille, mvuvi wa ndagala akiwasha taa yake ziwani, anaona mpaka wapi?"

"Karibu na mtumbwi wake."

"Na wewe uliye ufukoni, hiyo taa unaiona?"

"Naiona. Toka mbali sana."

"Mwenye taa hakuoni, lakini wewe ulishamuona. Basi somo limekwisha, unaweza kwenda."

"Ma Sœur, nina mtu ndani ya kasho."

"Haya, haya." Akaweka kalamu chini. "Rada ya polisi ni taa, ila macho yetu hayaioni. Inatupa mawimbi, yanagonga gari, yanarudi. Gari inayokuja mbio inayarudisha yamebanana kidogo, na ile bunduki ya rada inapima yamebanana kiasi gani; njo inajua mwendo. Kwa hiyo mawimbi ya polisi yana safari mbili, kwenda na kurudi, na yakirudi yamechoka. Kisanduku hiki kinangoja safari ya kwanza tu. Ndiyo maana kinaiona taa kabla mwenye taa hajaona gari."

"Chenyewe kinatuma kitu? Kinaharibu rada yetu?"

"Hakiharibu. Kuna mitambo mingine inayopiga kelele ili kuziba rada, hiyo ni habari nyingine. Hiki ni sikio tu."

"Kinasikia maneno yetu ya redio? Komanda anasema kinapeleleza."

"Maneno yenu yanapita njia nyingine kabisa. Mwambie Komanda siri zake ziko salama, hakuna Mjapani anayezitaka."

"Na sheria?"

"Inategemea umesimama wapi. Kwa Wafaransa ukikutwa nacho ni faini, na kinachukuliwa, maana wanasema kinamsaidia anayekimbiza gari kujificha. Kwa Wajapani kinauzwa dukani, wanasema dereva akisikia kengele anapunguza mwendo, na mwendo ukipungua nani amekosa? Hapa kwetu, hiyo ni kazi yako."

Kazi hiyo Bertille alikuwa ameshaianza. Jana Jumapili baada ya misa, aliposikia tu habari ya kisanduku, alikaa na kanuni ya barabara tangu ukurasa wa kwanza, kisha na sheria ya mawasiliano. Aliona habari ya mitambo inayotuma, kwamba inataka ruhusa. Habari ya sikio lisilotuma hakuiona. Huenda imejificha mahali. Yeye hakuiona, na Komanda hakuwa hata ameitafuta.

"Swali la mwisho, Ma Sœur. Kinajuaje kwamba mawimbi ni ya polisi?"

"Hakijui." Ma Sœur alishangaa kuulizwa. "Kinajua mawimbi, hakijui kofia ya polisi. Chochote kinachotupa mawimbi ya ukoo ule kitakiamsha. Kule nilikosoma, madereva walikuwa wanalalamika kila siku kwamba kinawasumbua mbele ya maduka."

"Maduka yana nini?"

"Nenda zako, Bertille. Mimi nina mitihani. Fikiri mwenyewe, utanishukuru."

Bertille alikwenda akiwa amekasirika kidogo, kama wanafunzi wote wa Ma Sœur Cécile.

*

Kitu cha kwanza kilikuwa kupima pale pale kilipotokea kisa. Aliitoa Hiace ya Isidore nyuma ya biro ya polisi kwa mlango mwingine ili ma-motard wasiione, akachomeka kisanduku, akawasha. Sauti ya mwanamke ilimsalimia kwa upole. Bertille alikaribia kumjibu.

Ng'ambo ya daraja, kwenye barabara ya uwanja wa ndege, Adjida Fidèle wa roulage alikuwa amesimama kivulini na rada yake. Aliifuta kwa kitambaa kila baada ya gari, na wenzake walisema hata mke wake hafutwi jasho namna hiyo.

"Nipime, Fidèle. Kama ulivyokuwa unapima siku ya Posho. Usibadilishe kitu."

Alikwenda mbali, akageuza, akarudi kwa mwendo. Alipopita mti wa mwisho kisanduku kililia, ngling ngling, na yule mwanamke akasema maneno ya haraka. Kisha kimya. Bertille alirudia. Kengele, maneno, kimya. Mara ya tatu vile vile.

Roho ilimshuka. Alisimamisha gari na kukaa na mikono juu ya usukani. Komanda alikuwa sahihi: penye rada kisanduku kinasema. Kama mamama walisikia kengele, na rada ilikuwa hapa, basi shangazi au siyo shangazi, kuna mtu alidanganya.

Fidèle alikuja dirishani akitabasamu. "Inashika vizuri, eh? Mutoto wangu huyu."

"Inashika. Lakini mbona kengele inalia kidogo tu halafu inakufa? Mimi bado nilikuwa nakuja."

"Niliachia, Mama. Siwezi kufinya muda wote. Betri!" Alisema kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali nyama kila siku. "Moto wa umeme unakuja unapotaka. Leo nimepata kuchaji, kesho nani anajua? Nikiifinya ovyo, saa nne imekufa, nabaki na kipande cha plastiki mukononi. Kwa hiyo mimi natazama kwanza kwa macho. Nikiona gari inakimbia kweli, nafinya, nasoma, naachia. Kufinya na kuachia. Wote wa roulage hapa njo namna yetu."

"Siku ya Posho pia?"

"Siku ya Posho zaidi, betri ilikuwa nusu. Nikafinya kwa magari machache tu. Ile iliyomugonga Doudou hata sikuipima, ilitoka kwenye vumbi pale mbele, nikasikia kishindo, namba sikuiona."

"Kwa hiyo hapa kwako Mama Japani hawezi kusema muda mrefu."

"Mama nani?"

Bertille alikuwa ameshatia gia.

*

Mama Chantal, kiongozi wa kwaya, aliuza ndagala wakavu sokoni, na alimpokea Inspekta kwa mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti inayofika ng'ambo ya soko bila msaada.

"Umekuja kutuita waongo mara ya pili? Yule Komanda wako nilimuambia ukweli, akafunga kalamu yake kabla sijameza mate!"

"Alikuuliza nini hasa, Mama Chantal?"

"Aliuliza: ile mashine ilisema? Nikamujibu: ilisema. Akasema: aksanti, toka. Njo yote. Mimi na miaka yangu, natolewa kama kuku!"

"Mimi nina swali lingine. Alisema namna gani?"

Mama Chantal alimtazama vizuri, akashusha mikono. Mtu akiulizwa kitu cha maana uso wake unabadilika.

"Pa kuwasha gari, parokiani, alisalimia kama kawaida. Tukasema Amina. Njiani kimya. Tukaingia hoteli, karibu na mulango, akaanza na kengele. Tukasema Amina. Akasema tena. Tukasema tena. Akasema tena! Tunashusha ngoma, bado anasema. Huguette alikuwa na mguu moja chini na mwingine ndani, ananiambia: Mama Chantal, huyu leo amekunywa divai ya harusi kabla yetu. Tulisema Amina mpaka koo ikauma, na kuimba bado. Nikamuambia Isidore: zima gari, baba, Mama Japani atatumaliza sauti."

"Na yale mahoni ya pikipiki?"

"Yalipita saa ile ile tunashusha ngoma. Nikasema hata wapiga pikipiki wameolewa leo. Sikujua, Mungu anisamehe. Sikujua ni mutoto wa mwenzangu."

Macho yalimjaa machozi. Bertille alimshika mkono juu ya ndagala, mbele ya watu, na hakujali harufu.

"Mama Chantal, ule mulango wa hoteli. Nani aliwafungulia?"

"Nani atufungulie? Ule wa vioo, unajifungua wenyewe. Ukikaribia tu unakuona, huo, unaachana katikati. Mimi mara ya kwanza nilirudi nyuma."

Bertille alisimama wima katikati ya soko. Aliona maduka ya kule Ma Sœur alikosomea, na watu wanaingia bila kugusa kitasa. Mlango unaokuona. Unakuonaje, kama hauna macho?

"Funga meza yako," alisema. "Twende."

*

Alitaka Komanda awepo, na alimtaka Zacharie awepo zaidi. Komanda alikuja akitazama saa. Zacharie alikuja na bidoni yake imefungwa nyuma ya pikipiki, na hakuuliza ruhusa. Fidèle aliletwa na rada yake, na Bertille alimwambia aitoe betri na kuiweka mfukoni mbele ya macho ya wote. Isidore alikaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, pingu mikononi, karibu na Mama Chantal. Kupitia dirisha la Hiace, Zacharie alimtazama Isidore kwa macho ambayo hayakupepesa.

Hoteli Nyota ya Ziwa ilikuwa mpya, nyeupe, na juu ya mlango wake wa vioo palikuwa na kidude cheusi kisichozidi pakiti ya sigara. Bertille alisimamisha gari langoni.

"Komanda, unasikia kitu?"

"Sisikii."

Alisogea polepole hadi kwenye ngazi, mlango ukawa mbele yao kabisa. Kisanduku kililia. Yule mwanamke akaanza maneno yake ya haraka, akamaliza, kengele, akaanza tena. Mama Chantal aliitikia "Amina" bila kujua, kisha akajiziba mdomo.

"Kuna rada hapa," Komanda alisema, akigeuka. "Fidèle!"

Fidèle alinyanyua betri juu kama mtu anayeuza.

"Tungoje," Bertille alisema.

Walingoja. Sauti haikukoma. Ilisema, ikalia, ikasema, mpaka Komanda akaanza kujikuna shingo. Mlinzi wa hoteli alikuwa ametoka nje kutazama polisi wanaosikiliza redio ya Kijapani mlangoni pake.

"Papa, naomba uzime umeme wa mulango," Bertille alimwambia.

Mlinzi aliingia ndani kwa mlango wa pembeni. Taa ndogo ya kile kidude juu ya vioo ilizimika, na Mama Japani akakatwa katikati ya neno. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba walisikia ziwa nyuma ya jengo. Bertille alipunga mkono. Umeme ukarudi, kengele ikarudi nao.

"Mara nyingine," Zacharie alisema. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki.

Mlinzi alizima. Kimya. Akawasha. Kengele.

Bertille alimgeukia Komanda, na alisema kwa heshima kwa sababu watu walikuwa wanasikia. "Mulango huu unatafuta watu kwa mawimbi ya ukoo mumoja na rada yetu, muda wote, hauna shida ya betri. Fidèle yeye anafinya na kuachia. Kwa Fidèle Mama Japani anasema neno na kunyamaza, nimepima mimi mwenyewe. Siku ya Posho alisema mpaka mamama wakachoka kuitika, na gari imesimama. Hiyo haiwezekani ng'ambo. Ni hapa tu. Na njiani hakulia hata mara moja. Kengele waliyoisikia mamama ni ya mulango huu, si ya rada, Komanda. Saa Doudou anapita pale nje amebebwa, Isidore alikuwa anashusha ngoma."

Komanda alitazama mlango, kisha betri mkononi mwa Fidèle. Alikuwa mtu wa hesabu fupi, lakini hesabu ikivunjika mbele yake hakuwa mtu wa kuifunika na kofia.

"Niliwauliza kama alisema," alisema. "Sikuwauliza namna gani." Akamtazama Mama Chantal. "Mama, nisamehe kwa siku ile."

"Ulinitoa kama kuku."

"Nisamehe."

"Tutaona."

Komanda alikohoa. "Na kosa la pili? Kuwa na kisanduku?"

"Nionyeshe kifungu, mimi mwenyewe namurudisha kasho. Nimetafuta, sijakiona. Wakubwa wakitaka kukataza, wakataze, tutaandika faini kuanzia siku ile. Leo hakuna sheria, na hatuwezi kuitunga hapa mbele ya hoteli."

Komanda alitoa ufunguo wa pingu mwenyewe. Isidore alisugua vifundo vya mikono na akaanza kulia, kwa sauti, bila aibu, na Mama Chantal akamvutia kifuani kama mtoto.

Zacharie hakulia. Alifungua bidoni, akamimina esansi yote ndani ya tanki la pikipiki yake, polepole, mpaka likajaa.

"Basi ni nani?" aliuliza. Hasira ilikuwa bado ndani yake, haikujua tena pa kwenda. "Mumenionyesha nani siye. Nani njo yeye?"

Simu yake ililia. Alisikiliza. Akakaa chini kwenye ngazi za hoteli.

"Doudou," alisema. "Ameomba maji."

*

Isidore alikataa kurudi nyumbani. Bertille alimwambia aende kwa mke wake, Komanda alimwambia, Mama Chantal alimwamuru. Alisema hapana. "Namutaka Doudou aniangalie," alisema. "Mbele ya huyu Papa. Kama si hivyo, kila nikipita mjini muntu ataniona na atafikiri njo mimi."

Hospitalini walimkuta Doudou, kijana mwembamba, mguu umefungwa mbao, kichwa kimezungushiwa bandeji, midomo imekauka. Mama yake alikuwa anampa maji kwa kijiko na hakutaka kumwachia mtu mwingine kijiko hicho. Zacharie aliinama juu ya kitanda.

"Mudogo wangu. Unanijua?"

"Prezida," Doudou alinong'ona. "Pikipiki yangu?"

"Pikipiki itapona, mupumbavu wewe." Akamwonyesha Isidore. "Tazama huyu muntu. Tazama vizuri. Njo yeye?"

Isidore alisogea kwenye mwanga wa dirisha na kusimama wima, mikono pembeni. Doudou alimtazama. Mama yake alishusha kijiko.

"Huyu ni nani?" Doudou aliuliza.

Isidore alifumba macho.

"Doudou," Bertille alisema kwa upole, "gari ilikuja kutoka wapi?"

"Mbele yangu. Nilikuwa naenda uwanja wa ndege. Ikahama njia yake, ikanijia. Nikamuona dereva. Uso wake hivi." Alinyanyua kiganja karibu na pua yake. "Alitoa mukono dirishani, anapiga kelele, kama mimi njo mwenye kosa. Muntu wa ndevu. Nikimuona, nitamujua."

"Ulimuona karibu. Gari inakuja mbele yako, inapita kwa mukono wako wa kushoto, na dereva yuko dirisha hilo hilo lililo karibu na wewe?"

"Karibu sana. Karibu nimuguse."

Bertille alimgeukia Isidore. "Gari yako usukani uko upande gani?"

"Kuume, Mama. Gari za Japani zote ziko kuume."

"Mimi niliiendesha leo, na bado nilikuuliza ili Papa Zacharie asikie. Hapa kwetu gari zinapita upande wa kuume; kama ingekuwa wewe, ungekuwa upande wa mbali, kwenye majani kule. Doudou angeona kiti cha abiria. Aliyemugonga anakaa kushoto."

Zacharie alinyanyuka taratibu. Alikuwa anahesabu kichwani. "Hiace nyeupe, usukani kushoto," alisema. "Zinazopita Kigoma zote ni kuume. Za kushoto ni chache. Chache sana, Mama Inspekta. Sisi tunazijua, tunapishana nazo kila siku."

"Basi zitafuteni. Mukiiona, munaniita, hamuigusi. Namutaka dereva akiwa muzima, Doudou amutambue kwa macho yake. Naapa, Papa Zacharie, atakayewasha kiberiti nitamufunga yeye kwanza."

"Tumesikia."

Alitoka nje ya wodi, na kutoka dirishani Bertille alimsikia akiita majina ya vijana wake na mitaa: wewe bandarini, wewe stesheni, ninyi wawili darajani, hakuna anayepita bila kutazamwa. Injini ziliwaka moja baada ya nyingine. Bertille aliposhuka kwenye ua wa hospitali zilikuwa zimeshaanza kutawanyika, na Zacharie alikuwa amebaki peke yake, mguu mmoja chini, hawezi kumtazama Isidore aliyesimama mbele yake.

"Leo asubuhi ningekuchoma," Zacharie alisema. "Nataka ujue. Haikuwa maneno tu."

"Najua. Nilikusikia kutoka kasho."

"Nifanye nini kwako?"

Isidore alifikiri kidogo. "Mimi nazijua gari za Kalemie kuliko wewe," alisema. "Yule wa ndevu, nafikiri nimeshapishana naye. Nipe nafasi."

Zacharie alisogea mbele kwenye kiti, na Isidore akapanda nyuma yake.